Nilihesabu mawazo, nikaficha dhambi

Nilikuwa na miaka 24, mwimbaji wa kwaya, nilipoacha kushiriki Meza ya Bwana. Hakuna aliyenitenga. Nilijitenga mwenyewe kwa sababu ya mwanamume mmoja aliyeimba besi, mume wa mtu na baba wa watoto, ambaye hakuwahi kunitendea neno lolote zaidi ya kunisalimu. Mwili wangu ulimwona kabla akili yangu haijapata la kusema. Nikisimama kuimba, yupo. Nikifumba macho kuomba, yupo.

Naandika haya nikiwa mke na mama, na nayaandika hasa kwa ajili ya dada zangu. Katika mahubiri niliyokulia, wanaume waliambiwa walinde macho yao, na sisi tukaambiwa tulinde mavazi yetu. Hakuna aliyetamka kwamba mwanamke naye huwaka. Nikaamini ni mimi peke yangu, na kwamba kuna kitu kilichoharibika ndani yangu ambacho wenzangu hawana.

Mstari nilioushika ni ule ule unaoshikwa na wengi, Mathayo 5:28: "Kila mtu atazamaye mwanamke kwa kumtamani, amekwisha kuzini naye moyoni mwake." Niliugeuza mimi kuwa mwanamke anayetazama, nikaanza kuhesabu. Wazo likipita, nimezini. Likirudi, nimezini tena. Nilikuwa natubu kimoyomoyo katikati ya wimbo, kwenye gari, nikiosha vyombo, toba za haraka haraka zisizokuwa na machozi wala matumaini. Jioni nilijumlisha siku nzima, nikalala mshindwa.

Kisha ikaja hoja ambayo sasa naiona kuwa ndiyo mtego wenyewe. Kama nimekwisha kuzini moyoni, nilijiambia, kuna tofauti gani nikiendelea? Mzigo ni ule ule. Basi usiku, mlango ukiwa umefungwa, nilianza kuchukua simu na kutazama picha na video ambazo sikuwahi kudhani ningetazama. Sikuwahi kumgusa yule ndugu. Lakini nilijenga chumba kizima cha siri, na ufunguo niliupata katika mstari wa Biblia nilioushika vibaya.

Aliyenitoa humo ni mama mmoja wa kanisani, mwalimu wa Shule ya Jumapili, aliyenifuata baada ya ibada kuniuliza kwa nini sishiriki. Nilikusudia kumdanganya. Nikalia. Nilipomaliza kueleza mawazo yanavyonijia, mara ngapi kwa siku, wapi na wapi, hakushtuka. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, likishakujia, unalifanyaje?"

Nilinyamaza muda mrefu. Jibu la kweli lilikuwa kwamba nilifika mazoezini mapema ili nikae mahali nitakapomwona. Kwamba kuna hadithi niliyokuwa naiendeleza kila usiku, sehemu kwa sehemu, na mchana niliitazamia. Kwamba ile simu nilikuwa naiweka chaji kabla ya kulala kwa makusudi. Hayo yote sikuwa nimeyahesabu hata mara moja. Nilijaza daftari la toba kwa mawazo yaliyonipita bila kuitwa, na yale niliyoyaita mwenyewe nikayaacha nje ya daftari.

Hapo ndipo nilipoanza kuusoma mstari ule upya. Wanaojua Kigiriki cha Agano Jipya hueleza kwamba maneno "kwa kumtamani" yamejengwa kwa namna ya kuonyesha kusudi: anatazama ili atamani. Na kitenzi chenyewe ni kile kile kilichotumika katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ya amri ya kumi, Kutoka 20:17, "usimtamani mke wa jirani yako". Yesu anagusa mkono wa moyo unaonyooka kutwaa kisicho chake. Tena, jambo lililonishangaza zaidi, kitenzi hicho hicho kimo kinywani mwake mwenyewe katika Luka 22:15: "Nimetamani sana kula pasaka hii pamoja nanyi." Kiswahili nacho kimelihifadhi neno hilo pande zote mbili. Kutamani hakukuumbwa na shetani.

Angalia pia mzigo anamtwika nani. Hasemi neno hata moja juu ya mavazi ya yule mwanamke anayetazamwa. Mstari unaofuata unataja jicho la anayetazama. Natamani wahubiri wangekaa hapo kidogo kabla ya kuturudia sisi na urefu wa sketi.

Swali la yule mama si jipya kanisani. Wamonaki wa jangwa la Misri, karne ya nne na ya tano, walilijua vizuri. Inasimuliwa kwamba ndugu mmoja alimwendea Abba Poemen, mmoja wa wazee wao, akilalamika kwamba mawazo mengi yanamhatarisha. Mzee akamtoa nje, akamwambia atanue kifua na kuuzuia upepo. Ndugu akasema hawezi. Mzee akamjibu kwamba ndivyo asivyoweza kuyazuia mawazo yasije, ila kuyapinga anaweza. Naye Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alipoieleza Hotuba ya Mlimani, ambamo mstari huo umo, alitaja hatua tatu: kishawishi kinachokuja, utamu unaoonjwa, na ridhaa inayotolewa. Huyu ni mtu aliyekiri hadharani kwamba ujanani aliomba apewe usafi wa mwili, lakini si sasa hivi. Alikijua anachokisema.

Wakristo hawakubaliani kabisa juu ya hatua ya kwanza. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulitamka mwaka 1546 kwamba mwelekeo wa tamaa unaobaki ndani ya mbatizwa si dhambi kwa maana halisi, na haumdhuru asiyeuridhia. Luther na Calvin, viongozi wa Matengenezo ya Kiprotestanti, waliona kwamba tamaa iliyopinda ni hatia tayari, hata kabla sijaikubali. Mimi nimelelewa upande wa Waprotestanti, na nikijichunguza naona wana haki: mzizi wangu umepinda, nahitaji rehema hata kwa yale nisiyoyachagua. Lakini kwa mtu anayezama, tofauti ya hatua ni kamba ya kushika. Yakobo anaandika kwamba "ile tamaa ikiisha kuchukua mimba huzaa dhambi". Kuna muda kati ya hapa na pale. Katika muda huo mtu anaweza bado kugeuka. Na Waebrania 4:15 inasema Kristo "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi", basi kujaribiwa peke yake hakuwezi kuwa ndiko kuanguka.

Soma 2 Samweli 11 polepole uone muda huo ulivyo. Ni majira wafalme watokapo kwenda vitani, na Daudi amebaki Yerusalemu. Anaamka kitandani jioni, anatembea juu ya dari, anaona. Mpaka hapo ni jicho. Kisha anatuma mtu aulize, na anajibiwa: huyu ni Bathsheba, binti Eliamu, mkewe Uria. Majina hayo si mageni kwake. Katika orodha ya mashujaa wake, sura ya 23, Uria yumo, na Eliamu mmoja yumo pia. Kwangu jibu lile ndilo mlango wa kutokea ambao Paulo anautaja katika 1 Wakorintho 10:13. Mwanamke aliyekuwa mwili uliotazamwa kutoka juu amepewa jina, baba na mume. Daudi anausikia mlango ukifunguka, halafu anatuma wajumbe wamchukue.

Mama yule alinipa dawa inayofanana na hilo. Nilikuwa namwombea yule ndugu kila siku, nikidhani nafanya jambo la kiroho. Akaniambia niache, maana sala hizo zilikuwa njia nyingine ya kukaa naye. "Mjue mkewe," alisema. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri wa kumsalimu. Nikajua majina ya watoto wao. Siku moja nilimbeba yule mdogo ibada nzima, akalala begani kwangu. Sisemi tamaa ilikufa siku hiyo. Lakini hadithi yangu ya usiku haikuweza tena kuendelea kama zamani, kwa sababu sasa ilikuwa na mtoto ndani yake.

Mengine yalikuwa ya kawaida, na sitayapamba. Simu ililala sebuleni. Nilibadilisha nafasi yangu kwenye kwaya, na ilipobidi nikahamia ibada ya kwanza kwa miezi kadhaa. Wengine wataona huko ni kukimbia. Ndiyo, ni kukimbia. Yusufu aliacha vazi lake mikononi mwa mke wa Potifa akatoka mbio, na Paulo anapoandika juu ya zinaa hasemi tusimame tushindane nayo, anasema "ikimbieni". Warumi 13:14 inatuonya tusiuangalie mwili "hata kuwasha tamaa zake". Nilikuwa nawasha moto kwa mkono mmoja na kuuzima kwa maombi kwa mkono mwingine, halafu nikimlaumu Mungu kwa moshi.

Nilijifunza pia kuuliza wazo limekuja na nani. Mara nyingi lilifuatana na uchovu, au na siku niliyodharauliwa kazini, au na Jumapili jioni niliporudi kwenye chumba kitupu. Nilikuwa na kiu ya kuonekana na mtu. Kiu hiyo haina aibu, na kuiambia Mungu ilivyo, kwa jina lake, kulinisaidia kuliko kuomba msamaha mara 30 kwa kitu nisichokielewa.

Ndoa haikuniondolea vita hivi. Nawaambia waziwazi wale wanaodhani pete ndiyo tiba. Mume wangu anajua habari hii yote, naye ananiambia ya kwake, na hilo ndilo lililobadilika.

Kwa wewe ambaye mawazo yanakujia kwa hofu tupu, bila utamu wowote, yakikurudia hata unaogopa akili yako mwenyewe: huenda unachobeba ni ugonjwa wa wasiwasi, na kutubu zaidi hakutautibu. Zungumza na daktari pamoja na mchungaji. Na kwa wewe unayefanana na mimi wa wakati ule, tafuta mtu mmoja. Chagua aliyekomaa, wa jinsia yako, asiyesambaza maneno, na usimwambie tu kwamba "nasumbuliwa na mawazo". Hilo nilikuwa tayari kulisema kwa yeyote. Mwambie lile ulilolitayarisha: saa, mahali, simu, njia unayozungukia ili upite mlangoni kwake. Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi, na dhambi ina anwani.

Nilirudi kwenye Meza ya Bwana baada ya karibu mwaka mzima. Nilikuwa kwenye mstari, mama yule yuko mbele yangu, nimetubu yale yaliyostahili kutubiwa. Hatua nne kabla ya kufika, yule ndugu akapita akirudi kwenye kiti chake, na lile wazo likanijia kama siku ya kwanza. Sikulihesabu. Nikasogea mbele, nikanyoosha mikono.