Bureti Moja kwa Watu Kumi na Wawili

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Faza, Lamu, na ninasomea stashahada ya kemia, mwaka wa pili, katika chuo kidogo hapa Malindi. Darasani tuko 12, hadubini ni mbili na bureti, ile neli ya kioo yenye alama za mililita na bomba la kufungia chini, ni moja. Wenzangu waliokwenda Nairobi wananiambia kwamba maabara zao zina kila kitu na kwamba nafasi za mafunzo ya kazini huwafuata huko huko. Hapa jioni chuo huwa kimya, kwani wengi hurejea makwao. Je, nihame?
Binti wa Faza, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usihame kwa ajili ya bureti. Kuingojea kwenye foleni kunaudhi, sikatai, lakini hiyo moja inatosha kwa kazi ambayo wenzako wa Nairobi hawana pa kuifanyia.

Nenda hori ya Mida, karibu na Watamu, siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakishatoka, umtafute mchu, ule mkoko ambao mizizi yake ya kupumulia huchomoza topeni mfano wa penseli. Lamba jani lake utaonja chumvi, kwa sababu mti huo huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini na ile inayopenya huitoa kupitia majani. Suuza majani kumi kwa maji yaliyokenekwa, kisha upime kloridi, yaani sehemu ya chumvi, iliyomo katika maji hayo ya kusuuzia kwa kudondosha nitrati ya fedha kutoka kwenye bureti, ukitia matone machache ya kromati ya potasiamu. Umanjano ukianza kugeuka wekundu wa tofali na usipotee hata ukitikisa chupa, funga bureti usome. Fanya vivyo hivyo kwa mkandaa, mkoko mwingine ambao hautoi chumvi majanini, na urudie bamvua na maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo tu, kusi na kaskazi, ukiandika tarehe, saa, mti na mililita katika daftari moja usilomwazima mtu. Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kabla ya kuchuma hata jani moja mwombe mwalimu wako akuandikie barua ya ruhusa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Barua hiyo yenyewe itakujulisha kwa watu unaopaswa kujuana nao.

Kuhusu mafunzo ya kazini, sidhani kuna anayefuatwa na nafasi, awe Nairobi au Malindi. Kilifi, mwendo wa kama kilomita 60 kutoka hapo ulipo, kuna Chuo Kikuu cha Pwani na pia kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambacho tangu 1989 kinafanya utafiti wa malaria na maradhi mengine kwa ushirikiano na Wellcome, shirika la hisani la Uingereza. Mombasa kuna taasisi ya KMFRI inayoshughulikia bahari na uvuvi. Andika mapema, muhula mzima kabla, na pamoja na barua ya chuo na matokeo yako uambatishe kurasa mbili za daftari lile. Maofisa hupokea barua nyingi zinazofanana neno kwa neno, na ni chache mno zenye vipimo ambavyo mwombaji amevichukua kwa mikono yake. Mwalimu wa wanafunzi 12, aliyekuona ukirudi na matope magotini, atakuandikia sifa anazozijua kweli, na hilo katika ukumbi wa watu 300 ni adimu.

Ukimya wa jioni nauelewa, na kwa mtoto wa kisiwani aliyezoea baraza ni mzito. Watafute wawili au watatu wanaolala chuoni, mkubaliane siku moja ya juma kusomeana madaftari.

Likizo ikifika, chukua chupa zako safi uende nazo Faza. Sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na wakata boriti wa huko, wanaotofautisha fito, pau na mazio, yaani miti ya mikoko kwa unene wake, kwa kutazama tu, watakuonyesha mchu na mkandaa ilipo. Suuza majani yake, ufunge chupa vizuri, uandike mahali na saa, urudi nazo Malindi ulinganishe na za Mida.