Usinunue Chale kwa kuangalia kava

Mwaka juzi nilimnunulia baba DVD ya Charlie Chaplin kwa muuza kanda za zamani. Kwenye kava alikuwepo Chale kamili: kofia ya duara, fimbo, suruali kama gunia. Mzee akavaa miwani, akasogeza kiti hadi karibu na TV. Dakika kumi baadaye akaniita. "Mwanangu, huyu mama mnene nani, na Chale anaingia saa ngapi?"

Chale alishaingia zamani. Ndiye yule tapeli wa mjini.

Ile ilikuwa Tillie's Punctured Romance ya 1914. Nyota wake ni Marie Dressler, mwigizaji wa jukwaani ambaye wakati ule alikuwa na jina kubwa kuliko Chaplin. Chaplin anamrubuni binti wa shamba kwa tamaa ya pesa, wala hakuvaa yale matambara yake. Alipokuja kuvuma dunia nzima, wauzaji wakampandisha yeye juu ya bango, Dressler akateremshwa. Si filamu mbaya, ila ukikaa unamsubiri Chale wa kwenye kava utaiona ndefu kama safari ya basi bovu.

Triple Trouble ndiyo ujanja mtupu. Chaplin alipoihama kampuni ya Essanay, huku nyuma vilibaki vipande ambavyo hakuvitumia. Mwaka 1918 wakaviunga na matukio mapya waliyoyapiga bila yeye, wakaitoa kama filamu mpya ya Chaplin. Viraka juu ya viraka.

Siku hizi nageuza kasha kwanza, nasoma maandishi madogo ya nyuma: mwaka, na jina gani limetangulia kwenye orodha ya waigizaji. Natazama na dakika. Vichekesho vingi vya Chaplin vya 1914 ni vya nusu saa kushuka chini, kwa hiyo ukiona saa moja na nusu, mara nyingi umeuziwa vichekesho vitano vilivyoshonwa pamoja.

Halafu tafuta jina la asili. Filamu ya mwisho ya Laurel na Hardy, wale wachekeshaji wawili, Atoll K ya 1951, inauzwa pia kama Utopia na kama Robinson Crusoeland. Mimi nilinunua mbili kati ya hizo, nikijua nimepata filamu mbili. Baba aliitazama ya pili mpaka mwisho, akacheka palepale alipochekea mwanzo, ndipo akaniambia, "Hii si tuliiona wiki iliyopita?"