Wakili, tukiolewa tunapoteza shamba la baba? Na madeni yake yatatufuata?

SWALI: Wakili habari. Sisi ni dada watatu na kaka mmoja, kwetu ni upande wa Mumias. Baba alikuwa na trekta za kubeba miwa na nyumba ya kupangisha Kisumu, tuliishi vizuri. Malipo ya miwa yakaanza kuchelewa, mikopo ikalala, benki ikauza nyumba na trekta, baba akafariki 2022, mama alitangulia. Imebaki ekari 6 bado kwa jina la baba. Mimi nina miaka 33 na nimepata mtu mzuri, wazee wake walishafika nyumbani, lakini baba mdogo amekataa kupokea mahari mpaka niandike kwa chifu kwamba sina haja na shamba, eti msichana anakula kwa bwanake. Anayenifuata ana mchumba Nakuru, huyo anataka ploti yake ndogo ya Njoro iandikwe kwa jina la mwanaume kabla ya harusi, ati ndio ajue haji na madeni ya babake. Kitinda mimba alikuwa amechumbiwa, jamaa aliposikia mambo ya mnada akarudi nyuma na tulishalipa ukumbi. Tufanye nini?

JIBU: Dadangu, poleni sana kwa wazazi na kwa yote mliyopitia. Nianze na hiyo ya chifu kwa sababu ndiyo inaweza kukuumiza zaidi. Usiandike. Usitie sahihi karatasi yoyote inayosema umeacha haki yako, hata kama harusi ni wiki ijayo, hata ukiambiwa ni ya kufurahisha wazee tu.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, imekuwa ikitumika tangu Julai 1981 na mtoto ni mtoto, haiulizi kama ni wa kike ama wa kiume, ameolewa ama bado. Kifungu cha 38 kinasema mzazi akifa bila wosia na hakuna mke wala mume aliyebaki, mali inayosalia inagawanywa sawa kwa watoto. Nyinyi ni wanne, ekari ni 6, kwa hivyo ni ekari moja na nusu kila mtu, na baba mdogo hana fungu hapo maana ndugu wa marehemu anaingia tu kama hakuna mke, watoto wala wazazi. Kuna wilaya chache za wafugaji ambazo mashamba yao yaliwekwa kando na sheria hii, Kakamega yenu, ambako Mumias iko, haimo. Hujaniambia dini ya mzee na hapo Mumias Waislamu ni wengi, kama alikuwa Muislamu basi hesabu inafuata dini na msichana anapata nusu ya kijana, lakini bado anapata, na kuolewa hakumtoi.

Hii hoja ya msichana ataolewa ilishafika Mahakama ya Rufani ikiketi Eldoret mwaka 2005, kesi ya Rono dhidi ya Rono, ambapo mabinti walikuwa wamepewa kidogo sana kuliko ndugu zao wa kiume kwa sababu hiyo hiyo ya kwamba wataolewa, na majaji wakakataa. Halafu Katiba ya 2010 ikaja na Ibara ya 27 na ya 60 zinazokataza ubaguzi wa kijinsia, kwa hivyo mtu akikuambia ni mila mwambie kwa heshima kwamba mila hiyo mahakamani haisimami.

Sasa uelewe vile watu hupoteza shamba kwa vitendo, kwa sababu haki unaweza kuwa nayo na shamba likaenda. Inaanza na barua ya chifu, ukurasa mmoja wenye muhuri na orodha ya walioachwa na marehemu, na mimi nimeona nyingi ambapo wavulana wako kwa majina matatu na namba ya kitambulisho, wasichana hawako kabisa ama kuna mtu ameandika "ameolewa" pembeni na kalamu. Baada ya hapo inaletwa Fomu 38, ya kukubali mtu mwingine asimamie mirathi, na baadaye Fomu 37 ya kukubali mgao, na hizo ndizo watu hutia sahihi jioni kwa meza bila kusoma. Kwa hivyo mtangulie nyinyi. Nendeni kwa chifu wanne wote pamoja na kaka yenu, na cheti cha kifo na vitambulisho, mhakikishe kila jina liko, halafu mfungue mirathi. Watoto mnatangulia mbele ya baba mdogo, na wasimamizi wanaweza kuwa hadi wanne. Si lazima mwende Mahakama Kuu, hakimu mkuu anasikiza mirathi ya hadi shilingi milioni 20. Tangazo linatoka kwa gazeti rasmi la serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga, na kwa kawaida uthibitisho wa mgao unaombwa miezi sita baada ya kupewa barua za usimamizi. Wakati mnangoja wekeni zuio kwenye taito pale ofisi ya ardhi. Na mtu akikodisha ama kuuza hilo shamba kabla ya hapo ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, faini hadi shilingi 10,000 ama jela hadi mwaka mmoja ama vyote viwili.

Madeni. Deni la baba ni la mali ya baba, haliingii mfukoni mwako wala kwa mume wako. Lakini lazima niseme ukweli wote, kama mnada haukumaliza deni benki inaweza kudai kutoka kwa hizo ekari 6 kabla hamjagawana, kwa sababu madeni hulipwa kwanza, kwa hivyo iandikieni benki barua mkiomba taarifa kamili ya mkopo. Na mjiulize wote wanne kama kuna aliyewahi kutia sahihi kama mdhamini, huyo tu ndiye anayeweza kufuatwa binafsi.

Huyu wa Nakuru simpendi kwa hilo ombi lake. Ploti ambayo dada yako alinunua kabla ya ndoa si mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema hivyo kifungu cha 5, na deni lake mtu la kabla ya ndoa linabaki lake. Kama mchumba ana hofu ya kweli waandikiane mkataba kabla ya harusi, kifungu cha 6 kinaruhusu, kila mmoja akiwa na wakili wake. Ploti ibaki kwa jina la mwenyewe. Ila ajue kwamba bwana akija kujenga hapo baadaye atakuwa na haki kulingana na alichochangia, kwa hivyo risiti za ujenzi ziwekwe.

Kitinda mimba, hakuna mahakama itamlazimisha kijana kuoa. Lakini Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 76, inaruhusu kudai hasara iliyotokana na ahadi iliyovunjwa, na pesa ya ukumbi ni hasara inayohesabika. Toeni taarifa ya M-Pesa, mkataba wa ukumbi na meseji zao za kupanga tarehe, mwanzie na barua ya madai.

Na wewe harusi yako haiko mkononi mwa baba mdogo. Wewe ni mtu mzima, Ibara ya 45 ya Katiba inataka ridhaa yenu nyinyi wawili. Kwa ndoa ya kimila sheria inasema mahari ikihitajika kama ushahidi, kiasi kidogo cha ishara kinatosha, na mzee mwingine wa ukoo anaweza kuombwa kuipokea, jaribuni hiyo kwanza kwa sababu mtaendelea kuishi na hawa watu. Ikishindikana kuna ndoa ya kanisani ama ya serikali, hiyo ya serikali mnatoa notisi ya siku 21 kwa msajili. Mkifunga ya kimila msisahau kumjulisha msajili ndani ya miezi mitatu.