Mahindi ya njano baada ya kufukia mabua: naitrojeni imekwenda wapi?

Mkuu, umeuliza mawili: mbona msitu haupewi mbolea na bado unanawiri, na mbona mahindi yako yamekuwa ya njano ilhali safari hii mabua hukuyachoma, uliyafukia. Yote mawili yanaishia pamoja: kirutubisho cha mmea, kama naitrojeni, hakifi, kinahama mikono. Tafuta kiko kwa nani sasa.

Msituni jani likianguka linabaki palepale. Fukua chini ya mti mkubwa: juu majani mazima, chini yake vipande vilivyotafunwa na jongoo na mchwa, vimeshikana kwa nyuzi nyeupe za kuvu, halafu tabaka jeusi linalonukia kama ardhi iliyonyeshewa. Mizizi midogo imejipenyeza mlemle, inadaka kinachoachiwa kabla mvua haijakizamisha.

Shambani gunia linaondoka. Gunia 20 za kilo 100 zinabeba takriban kilo 30 za naitrojeni na kilo 6 za fosforasi. Mfuko wa mbolea ya urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 tu, kwa hiyo piga hesabu. Naitrojeni angalau inaweza kurudi yenyewe: imejaa hewani, asilimia 78, na bakteria wa kwenye vinundu vya kunde wanaikamata. Ng'oa kunde zikianza kutoa maua, upasue kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi, kazi inafanyika. Pakiwa peupe au kijani, hamna kitu. Fosforasi haipiti hewani. Ikiondoka na gunia, uirudishe kwa samadi, mifupa iliyosagwa au mbolea ya dukani.

Sasa hiyo njano. Bakteria wanaoozesha wanataka kama sehemu 25 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Mabua makavu yana kama 60 kwa 1. Tani moja ya mabua ina kaboni kama kilo 400 na naitrojeni kilo 7 hivi, wakati wao wanahitaji 16. Zilizopungua wanazichukua kwenye udongo, mahindi yanabaki na njaa. Naitrojeni bado imo shambani mwako, ndani ya miili ya bakteria. Wakifa itaachiwa, ila mahindi hayasubiri. Hakikisha kwanza: njano ya naitrojeni huanzia majani ya chini, kwenye ncha, ikifuata mshipa wa kati kama herufi V. Zikikauka kingo za jani, hiyo ni njaa ya potasiamu.

Kwa sasa weka urea kifuniko kimoja cha soda kwa shina, sentimita 5 hadi 10 pembeni, udongo ukiwa na unyevu, na uifukie. Ukiiacha juu, sehemu yake itapaa kama amonia.

Msimu ujao mabua yaanzie kwenye biwi, yaani rundo la kuozesha mboji. Katakata urefu wa shubiri. Chini panga vijiti kwa ajili ya hewa, kisha mabua sentimita 20, majani mabichi 10, samadi 5, mwagia maji, rudia hadi mita moja na nusu. Upana usipungue mita moja, la sivyo joto halishiki. Chomeka kijiti kirefu hadi katikati, ufunike kwa majani ya mgomba. Baada ya siku tano chomoa kijiti ukishike: kikiwa cha moto na kibichi, sawa. Kikiwa na unga mweupe, biwi limekauka, ongeza maji. Harufu ya yai viza ni kukosa hewa, geuza. Harufu kali ya kuchoma pua ni naitrojeni inayokimbia, ongeza mabua. Geuza kila baada ya wiki tatu. Miezi mitatu hivi inatosha. Usishtuke likipungua hadi nusu, hiyo ni kaboni iliyorudi hewani kwa pumzi ya bakteria.

Majivu usiyachanganye na samadi mbichi wala urea. Yanaifukuza naitrojeni hewani, na hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta.