Mradi Umefika Mbali? Mbali Wapi?

Wadogo zangu mnaoingia kwenye tafsiri na ukalimani, karibuni. Tangu SADC ikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi, hapa hapa Dar, Agosti 2019, vijana mmeongezeka na ninafurahi kuwaona. Ila nimetoka kupitia rundo la ripoti zenu za robo mwaka na kila nikigeuza ukurasa nakutana na "jiwe la maili", yaani "milestone" ya Kiingereza iliyotafsiriwa neno kwa neno. Vyoo vya shule vimefikia jiwe la maili. Mikopo ya akina mama imevuka mawe ya maili. Mwenyekiti wa mtaa akisoma hayo atauliza barabara yenyewe inapita wapi.

Waingereza hupenda kupima maendeleo kwa umbali. Na sisi pia, tusijidanganye: tunapiga hatua, tunafikia asilimia 80, na hata neno maendeleo limezaliwa na kwenda. Ndiyo maana mnateleza. Mnaona mambo yanafanana, mnaacha kufikiri.

1. Jiulize kwanza umbali unapimwa kutoka wapi. Basi la mwendokasi la kutoka Kimara likiwa Magomeni, mmoja atasema limetoka mbali, na anayewahi Kivukoni atasema bado. Basi ni lile lile. "We've come a long way" inatazama Kimara, ni sifa. "We have a long way to go" inatazama Kivukoni, na mara nyingi ni lawama iliyovaa tai. Mfadhili akizitamka zote mbili kwa mpigo, na wengi hufanya hivyo, sikiliza ya pili. Ya kwanza ni adabu tu. "Tumetoka mbali" inaifaa ile ya sifa, lakini kwetu ina harufu ya dhiki, kwa hiyo usiibandike kwenye mradi ulioanza Januari ukiwa na magari mapya.

2. "A long way from", "far from" na ndugu zao. Hapa nikae kidogo, maana paliniumiza.

Nilikuwa kijana kama nyie. Mkutano wa wananchi, ukumbi wa kata, mradi wa maji. Mhandisi wa mfadhili anasema, ananyamaza, mimi nasema. Akatamka, kwa upole kabisa: "The scheme is a long way from completion." Sikio langu likadaka njia ndefu, likadaka kukamilika, mdomo ukamalizia wenyewe: "Mradi umefika mbali, unaelekea kukamilika!" Vigelegele. Mama mmoja wa kamati ya maji akainuka akacheza, kanga mkononi. Mhandisi akaniinamia, akauliza kama watu wamemwelewa. Nikasema ndiyo.

Kosa la kwanza lilikuwa la sikio, na sikio husamehewa. Hiyo "ndiyo" ndiyo inayoniwasha hadi leo, kwa sababu nilikwisha kuhisi kuna kitu hakijakaa sawa. Mhandisi akaendelea: pampu haijaagizwa, mabomba yamekwama bandarini. Ningeweza kusimama pale pale nikasema samahani, nimekosea. Sikusema. Nikalainisha: "Kuna vitu vidogo vidogo vimebaki." Mwenyekiti akashukuru sana, akauliza kama maji yatafunguliwa kabla ya Ramadhani. Swali hilo nililitafsiri bila dosari. Mhandisi akapauka: "Ramadhani ya mwaka gani?"

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa kimya nyuma muda wote, akasimama. Akamwomba mhandisi, kwa Kiingereza kilichonyooka, arudie sentensi yake ya mwanzo. Kisha akawageukia wenzake: "Anasema mradi bado sana."

Bado sana! Ukumbi mzima ukaelewa, na mimi ndiyo kwanza nikajua nilichotakiwa kusema. Mkutano ulipoisha yule mama akanifuata mlangoni. "Mwanangu," akaniambia, "umenichezesha bure." Nilimwomba radhi. Hakuwa na hasira, na hilo liliuma zaidi.

Chanzo chake ni hiki: kwetu "wenzetu wako mbali" maana yake wametutangulia. Kwa Mwingereza, ukiwa mbali na kitu, huna hicho kitu. "Far from finished" ni haujakamilika hata kidogo. "Nowhere near" ni hiyo hiyo, kwa ukali zaidi. Na akikuambia "some way off", usidanganyike na upole wake. Ni mbali kweli kweli.

3. "So far" ni hadi sasa. Basi. Aliyeandika "mbali sana visima 40 vimechimbwa" anajijua.

4. Maili. Warumi walisimika mawe kila baada ya hatua elfu moja. Maili ya Waingereza leo ni kama mita 1,609. Kwenye ripoti andika hatua muhimu, mrudi nyumbani mapema. "Extra mile" ina mizizi Mathayo 5:41, lakini ripoti ya bima ya afya haihitaji mahubiri: wamejituma kuliko walivyotakiwa. "Last mile" ndiyo mtego. Watu wa simu waliitumia kwa waya wa kutoka kituoni hadi nyumbani kwa mteja, siku hizi ni dawa kutoka bohari hadi zahanati. Ni kipande cha njia, si kipindi cha mradi. Mradi unaweza kuanza leo na ukashughulikia hicho tu. Ukitaka kusema mambo yanakaribia mwisho, wao wana "home stretch" ya mbio za farasi, sisi tuna lala salama ya mpira. Naipenda mno. Mhariri wangu huikata, nairudisha, anaikata. Kwenye mkutano wa hadhara itumieni. Kwa wizara andikeni hatua za mwisho.

5. "Light years ahead" ni umbali, kilomita trilioni 9.46 hivi kwa kila mwaka mmoja wa nuru. Si muda. "Wametuacha mbali mno" inatosha, na hapa mbali yetu imekaa mahali pake.

6. "We're getting there." Hii husemwa sana na mtu aliyechelewa. Mtazame usoni: mara ni tunakaribia, mara ni msiniulize. Ukiwa kwenye kibanda cha wakalimani na uso huuoni, sema "kazi inaendelea". Kwa Kiswahili cha ofisini nayo haisemi kitu, na ndivyo alivyokusudia.