Kabla ya Kuhamia Kibaha, Gawaneni Umbali

Wiki iliyopita msomaji mmoja anayeishi Sinza, Dar es Salaam, aliniandikia ujumbe mrefu akiomba ushauri. Yeye na mumewe wamekwisha kupaua nyumba yao huko Visiga, Kibaha, wamebakiza madirisha na dari, na mwenye nyumba wao wa sasa anataka kodi ya miezi sita mingine ifikapo mwisho wa mwezi. Anauliza kama wahamie katika nyumba ambayo haijakamilika au walipe kodi na kusubiri. Kisha, kana kwamba ni jambo la pembeni, anaongeza kwamba yeye anafanya kazi Posta, katikati ya jiji, mumewe anafanya kazi Mlandizi, jirani na Visiga, binti yao yuko darasa la sita, na mama mkwe wake anatarajiwa kuja kuishi nao. Nilipofika hapo niliweka simu chini, kwa sababu nilikwisha kumjua atakayelia katika nyumba hiyo.

Mimi pia nilihamia Kibaha, mtaa wa Picha ya Ndege, nikitokea Kinondoni, nikiwa na kazi Posta na mume ambaye kazi yake ilikuwa imehamia kiwandani upande wa Zegereni. Kwa hiyo, mdogo wangu, nitakujibu kwa yaliyonikuta mimi mwenyewe, na naomba wengine mnaojenga huko Chanika, Goba, Bunju na Mapinga msikilize pia, maana najua sote ndoto yetu ni moja: kulala chini ya bati ambalo hakuna mtu atakayekuja kulidai kodi.

Kinondoni tulikuwa na vyumba viwili na sebule katika nyumba ya wapangaji wanne, tukigombania mita moja ya umeme. Kila LUKU ilipokwisha usiku, hapakosekani mpangaji aliyedai kwamba friji yetu ndiyo iliyoimaliza. Habari za ujenzi siwahadithii, kwa kuwa kila aliyewahi kununua saruji kwa mifuko mitano mitano anazijua, na ambaye hajawahi hatanielewa. Itoshe kusema kwamba siku tuliyopewa ufunguo wa geti letu wenyewe, mume wangu alilifungua na kulifunga mara kadhaa bila sababu yoyote, nami sikumcheka.

Wala hatukuwa peke yetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban milioni 1.1 katika Mkoa wa Pwani, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya milioni 2. Ukitaka kuwaona wengi wao, simama Maili Moja, hapa Kibaha, kabla ya jua kuchomoza. Wako wanaozungumza kana kwamba Kibaha ni pori lililogunduliwa jana na madalali wa viwanja, ilhali mradi wa serikali yetu na nchi za Nordic ulianza hapa mwaka 1963, na mwaka 1970 ukawa Shirika la Elimu Kibaha, lenye shule ambazo wazazi wa nchi nzima walikuwa wakizililia. Nayasema haya kwa sababu neno “porini” liliwahi kuniuma sana, na nitalirudia.

Sasa nieleze umbali. Kutoka Maili Moja hadi katikati ya jiji ni takriban kilomita 40. Barabara ya Morogoro ilipoanza kupanuliwa kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, tulifarijiana kwamba foleni itakuwa historia, na ni kweli kwamba kipande hicho sasa kinapitika vizuri kuliko zamani. Lakini barabara pana haimfikishi mtu kazini kama hana gari. Nilikuwa naamka saa kumi na robo alfajiri, natembea na binti yangu hadi stendi, tunapanda daladala ya Mbezi, tunateremka, tunatafuta ya Kimara, kisha tunaingia katika foleni ya mwendokasi. Yeye alishuka Magomeni ili aende shuleni kwake Kinondoni, kwa kuwa tulikuwa tumeamua kwamba asihamishwe shule kabla ya mtihani wa darasa la saba, nami nikaendelea hadi Posta. Jioni ilikuwa mbaya zaidi, kwani abiria wenye nguvu waligeuza na gari, yaani walilipanda tangu huko nyuma kabla halijafika kituoni, na sisi wengine tukasimama hadi Mbezi tukiwa tumeshikilia bomba.

Asubuhi moja, ndani ya daladala ya Mbezi, nilimtazama mtoto. Alikuwa amelala huku amesimama, paji la uso limeegemea mkoba wa mama asiyemjua, na ndani ya kiganja alikuwa ameshika kipande cha kiazi kitamu ambacho alikuwa hajakiuma hata mara moja. Soksi moja alikuwa ameivaa nje ndani. Yule mama mwenye mkoba aliniangalia, akauvuta mkoba taratibu ili kichwa kikae vizuri zaidi, wala hakusema neno. Nilitamani aseme chochote, hata anitukane.

Kwa wakati huohuo mume wangu alikuwa akiondoka nyumbani saa moja na nusu kwa pikipiki, na saa kumi na moja jioni alikuwa amekwisha rudi, ameoga, anamwagilia migomba. Nitasema ukweli ambao wanawake wengi wanaona haya kuusema: nilimwonea wivu, na kwa miezi mingi niliichukia nyumba ile niliyoiombea dua. Nilikuwa naiona Jumapili tu kwa mwanga wa mchana. Watoto wa jirani waliniita “mama wa usiku”, na hawakuwa na ubaya wowote, ndivyo walivyonijua.

Juu ya uchovu huo yalikuja maneno. Tulipofanya dua ya kuingia katika nyumba, nilipika pilau ya watu wengi na kukodi turubai. Baadhi ya wageni walifika Mbezi wakapiga simu kwamba wameona safari bado ni ndefu, wakarudi. Wifi yangu, ambaye alifika akiwa amechelewa, alisimama katikati ya uwanja akatazama mikorosho iliyotuzunguka na kusema kwa sauti ya kusikika, “Kaka yangu umeamua kwenda kufa porini.” Watu walicheka. Wenzangu wa kikoba cha Kinondoni nao walinivumilia kwa muda, kisha nikajikuta nimeondolewa kwenye kundi kwa sababu sihudhurii vikao, na akiba yangu ikaja kwa simu bila hata salamu. Nimesamehe, lakini sijasahau. Leo haohao ndio wanaonipigia kuuliza kiwanja cha ishirini kwa ishirini kinauzwaje mtaani kwetu, nami huwatajia bei kwa adabu zote.

Kilichobadilisha maisha yetu ni mvua. Ilikuwa wakati wa masika, maji yakajaa Jangwani kama yanavyojaa kila Mto Msimbazi unapozidiwa, barabara ikafungwa, na sisi tuliokuwa mjini tukabaki tumeduwaa vituoni. Kwa bahati mtoto alikuwa upande wa pili wa bonde, akalala kwa mama mdogo Magomeni. Mimi nilizunguka jiji kwa magari ninayoyajua na nisiyoyajua, na nilipofika nyumbani ilikuwa saa tano usiku, viatu nimevibeba mkononi. Mume wangu alikuwa ameketi sebuleni. Akanipa pole, na ilikuwa pole ya kweli, kisha akauliza, “Sasa leo tutakula nini?”

Sitaandika niliyomjibu. Nitaandika tulichokifanya kesho yake, kwa sababu hicho ndicho chenye faida kwenu. Tulibandua kalenda ya mwaka uliopita ukutani, tukaigeuza, na kila mmoja akaandika saa zake: anaamka lini, anatoka lini, anarudi lini, anakaa saa ngapi barabarani, anafanya kazi gani za nyumbani akisharudi. Mimi niliandika, yeye akaandika, binti akaandikiwa. Mume wangu ni mtu wa vipimo, na alipoona safu yangu na ya mtoto zimejaa hadi chini ya karatasi na yake imeishia katikati, hakuhitaji hotuba. Umbali wa nyumba yetu ulikuwa unalipwa na watu wawili, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa kama yuko tayari kuulipa.

Kuanzia hapo chakula cha jioni kikawa chake. Mwanzoni tulikula wali na maharage hadi maharage yakatuchoka sisi, lakini tulikula saa mbili. Maji pia yakawa yake: siku bomba likitoka anajaza simtank, siku lisipotoka anatafuta mwenye boza. (Mabomba yanayoipelekea Dar es Salaam maji ya Ruvu yanapita katika ardhi ya mkoa wetu, na wakati mwingine huwa nayatafakari nikiwa na ndoo mkononi.) Mikutano ya serikali ya mtaa na zamu za ulinzi shirikishi zikawa zake. Binti tulimhamishia shule ya hapa, na kwa kuwa ni kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, ilimbidi baba yake afuatilie barua kwa mwalimu mkuu wa kule, halmashauri ya kule, halmashauri ya huku na mwalimu mkuu wa huku. Alirudi amechoka, akasema sasa anaelewa kidogo maana ya kusimama foleni. Mimi nilizungumza na mkuu wangu wa kazi nikaruhusiwa kuingia kazini saa nzima baada ya wenzangu na kutoka baadaye, jambo ambalo nilikuwa naogopa kuliomba, na ambalo halikuchukua hata dakika kumi kukubaliwa.

Kuna jambo ambalo halikuweza kugawanywa, nalo ni misiba. Mjini unaweza kutuma mchango kwa simu na maisha yakaendelea. Huku kwetu, kama hukukaa mkekani hukuwapo. Jirani wa mbele alipofiwa na mama yake nilichukua likizo nikakaa siku zote tatu, nikamenya vitunguu hadi macho yakavimba. Kabla ya hapo nilikuwa mpita njia. Baada ya hapo, nikirudi usiku, ninakuta kisamvu kilichotwangwa kimewekwa kwenye bakuli lenye kifuniko juu ya nguzo ya geti, na mtu asiseme ni cha nani.

Waume zetu, hasa ninyi ambao ajira zenu ziko nje ya jiji, nataka niwaambie waziwazi. Mtu akijenga anajisikia amemaliza wajibu, na kila mwanafamilia akilalamika anaonekana hana shukrani. Msijidanganye. Matofali uliyoyalipia wewe hayampunguzii mkeo hata kituo kimoja cha daladala. Nanyi wanawake wenzangu, acheni kumeza. Mmefundishwa kwamba mwanamke mwenye subira ndiye anayejenga, na mimi nasema subira isiyosema saa zake inaishia kuwa kisirani. Semeni saa zenu. Ziandikeni. Gawaneni umbali kabla ya kuhamisha kitanda, na kama mmekwisha kuhama, gawaneni leo jioni.

Na ninyi vijana mnaoposti picha za msingi na lenta kila Jumamosi, hongereni, lakini nendeni mkalale huko wiki nzima kabla ya kuhama. Panda daladala Jumatatu ya mvua, si Jumapili ya kwenda kukagua mafundi. Jumapili kila mahali ni karibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Sinza, nakushauri uhame, ila msihame hivyo mlivyo. Msilipe kodi ya miezi sita kama mwenye nyumba atakubali miwili, na mwombeni kwa heshima, maana wapo wanaokubali. Kwa fedha itakayobaki wekeni grili na milango, malizieni choo, vuteni umeme na nunueni simtank. Dari inaweza kusubiri hata mwaka mzima, kwani joto la bati linavumilika usiku ukiwa umechoka, lakini dirisha lisilo na grili halikuachi ulale. Binti mhamisheni sasa akiwa darasa la sita, kabla hajaingia la saba, hata kama shule ya Sinza ina sifa na ya Visiga hamjaisikia. Mumeo kwa kuwa yuko Mlandizi ndiye aliye karibu na nyumba, basi jioni ni zake na maji ni yake, na hilo akubaliane nalo kabla gari la mizigo halijaitwa.

Kuhusu mama mkwe wako, umeuliza kama kuja kwake kutakupunguzia kazi au kutakuongezea. Hilo siwezi kulijibu, na nadhani hata ninyi wawili hamwezi kulijibu bila yeye. Umesema ana kliniki ya presha Muhimbili kila mwezi. Muulizeni kwanza kama yuko tayari kuhamishia kliniki hiyo hospitali ya Tumbi, hapa Kibaha, ambako ni karibu, na kama hayuko tayari, amueni nani atakayempeleka mjini na kumrudisha, na siku hiyo ya kazi ikatwe kwenye likizo ya nani.