Jibu: Wanafunzi wa kompyuta wanakuja siku mbili halafu wanapotea

Habari mkuu. Nimekuelewa, unafundisha akina mama wa sokoni kompyuta bure jioni, wanakuja siku mbili halafu huwaoni tena. Yalinikuta hayohayo. Kwanza angalia siku ya kwanza unawafundisha nini, mimi nilikuwa naanza na vifaa vya ndani ya kompyuta, RAM, prosesa, sijui hadidiski, watu wanaandika tu kwenye daftari wanaondoka hawajagusa hata kipanya, sasa arudi afuate nini?

Anza na mkono. Mtu mzima anakishika kipanya kwa nguvu kama kitamtoroka, akibofya mara mbili mshale unahama katikati, faili haifunguki, anaamini kaharibu kitu na aibu inamrudisha nyumbani. Mwambie alaze kiganja, mkono utulie mezani, anyanyue kidole kimoja tu. Ikishindikana abofye mara moja kisha agonge Enter. Halafu mpe Solitaire dakika 20, Windows ilikuja nayo mwaka 1990 na ule mchezo wa kuburuta karata unalainisha mkono kweli. Na wewe usimnyang'anye kipanya hata akikosea mara kumi, tafadhali sana.

Baada ya hapo mpe kazi yake mwenyewe. Nilikuwa na mama muuza dagaa, tukaingiza madeni ya wateja wake kwenye Excel, ile programu ya mahesabu, jumla ilipotoka yenyewe akahesabu upya kwa vidole kuhakikisha, kesho yake akaja na mdogo wake.

Kwa wasiojua kusoma kabisa sijawahi kufundisha, mwenye uzoefu huo aongezee hapo chini.